Mkono Umerudi

Nyuma ya mlango wa jiko la mama mkubwa kulikuwa na msumari mmoja mnene ambao hakuna aliyethubutu kutundika kitu kingine juu yake. Si chujio, si taulo, si kikapu cha vitunguu. Ulikuwa msumari wa mkono wa lango, basi.

Mkono wenyewe ulikuwa chuma kilichopinda mara mbili, kizito, kilichong'aa mahali pa kushikia kwa sababu ya viganja vya miaka mingi. Ulichomekwa kwenye parafujo ya lango la bwawa, ukazungushwa, na lango likapanda au likashuka. Bila mkono ule hakuna mtu angeweza kufungua maji, hata awe na kifua kama kabati. Ndiyo maana kila jioni ulichomolewa ukaletwa nyumbani kulala.

Baba mkubwa alikuwa mlinzi wa bwawa kwa miaka ishirini na mitatu, na kila jioni kabla hajagusa chakula aliuliza swali moja tu.

"Mkono umerudi?"

"Umerudi," mama mkubwa alijibu, na watu wakala kwa amani. Maana katika miaka yote hiyo mkono haukuwahi kurudi nyumbani kabla lango halijafungwa. Ukiuona msumarini, ujue lango liko chini, maji yametulia, na mtaa wa chini unaweza kulala usingizi wa kukoroma.

Kisha baba mkubwa akateleza kwenye ngazi za tuta, akavunjika mguu. Akafungwa plasta kuanzia kwenye unyayo mpaka juu ya goti, akawekwa kitandani karibu na dirisha, na kazi ya lango ikamwangukia binti wa mdogo wake aliyekuwa akiishi nao tangu utotoni. Watu walimwita Kobe. Si kwamba alikuwa mzito wa kazi, la. Alikuwa mwepesi kama upepo. Ila ukimwangalia usoni tu, shingo ilizama mabegani na maneno yakapotea. Dukani alionyesha kitu kwa kidole. Akisalimiwa na watu watatu kwa pamoja, alimjibu aliye karibu tu, tena kwa sauti ya chini kama anayemwamkia mgonjwa.

Lakini bwawani alikuwa mtu mwingine. Kule hakukuwa na wa kumwangalia. Asubuhi alisoma nguzo ya vipimo, ile nguzo ya zege iliyosimama majini na mistari yake ishirini iliyopakwa rangi nyeusi na nyeupe. Kisha alifungua lango mizunguko mitatu kwa ajili ya mashamba, na jioni akalifunga. Hesabu yake ilikuwa kichwani. Wiki tatu zilipita bila kosa, na baba mkubwa akaanza kuwaambia wageni, "Huyu mtoto hasemi, lakini maji yanamsikia."

Ndipo ikaja Jumamosi ya kusafisha mfereji.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja miaka yote. Mbao za kuingizia maji mashambani zilifungwa. Vijana kumi na watano waliingia mferejini na makoleo, wakachimbua tope tangu asubuhi. Walipotoka, lango liliinuliwa mpaka mwisho, mizunguko ishirini na minne, na kwa nusu saa maji yalipita kwa kishindo, yakasukuma takataka zote hadi mtoni kule chini. Baada ya hapo lango lilifungwa, kila mtu akaenda kuoga.

Kobe alizungusha mizunguko yake ishirini na minne. Mikono ilimwuma, lakini maji yalipotoka yakinguruma chini ya miguu yake alitabasamu peke yake. Akauchomoa mkono, kwa kuwa baba mkubwa alimfundisha asiuache kwenye parafujo hata dakika moja, akakaa kwenye kivuli cha chumba cha vifaa kungoja nusu saa ipite.

Haikupita robo. Alisikia makoleo yakigongana, na sauti ya nyapara wa vijana, mtu aliyeweza kunong'ona ukamsikia mtaa wa pili.

"Kobe! Kobe wetu wa bwawa! Leo tumekuja kukuona uso!"

"Toa kichwa tu, hatuumi!" mwingine akapaza.

"Mimi mwaka mzima nimeona gamba. Mkiona kichwa mniite!"

"Jamani acheni, mtamfanya aingie majini. Dada, tunaomba maji ya kunywa tu!"

Vijana kumi na watano, wamejaa tope mpaka kwenye nyusi, wanapanda tuta huku wanacheka. Hawakuwa na ubaya wowote, na Kobe alilijua hilo vizuri. Lakini kujua ni jambo moja na shingo ni jambo lingine. Masikio yalimwaka moto. Alijikuta yuko nyuma ya chumba cha vifaa, kisha yuko kwenye ngazi za upande wa pili, mkono wa lango ameukumbatia kifuani, anashuka mbio. Alijiambia kwamba angejibanza nyumbani mpaka waondoke, halafu angerudi kufunga.

Alipofika, alimkuta mama mkubwa anapiga kelele. Baba mkubwa alikuwa ameinama kutafuta redio iliyoanguka, akateleza, na sasa amekwama kati ya kitanda na ukuta, mguu wa plasta uko juu hewani kama mlingoti.

"Usisimame hapo, mshike kwapani!" mama mkubwa akamwambia.

"Taratibu, mimi si gunia!" baba mkubwa akalalamika.

"Gunia lina akili, likiwekwa linakaa!"

Mpaka wakamtoa, wakamfuta, wakampa chai na redio yake, jua lilikuwa limeshuka. Na mahali fulani katikati ya pirikapirika hiyo mkono ulitundikwa msumarini. Kobe hakukumbuka kuutundika. Kiganja kilifanya chenyewe, kama kilivyofanya kila jioni kwa wiki tatu.

"Mkono umerudi?" baba mkubwa akauliza.

Kobe aligeuka, akauona msumarini, unaning'inia kwa utulivu wote.

"Umerudi," alisema. Na aliamini.

Jumapili mfereji ulipumzika, na hakuna aliyekwenda bwawani wala shambani. Kobe alifua, akakaanga, akasuka nywele za mama mkubwa. Mchana alipita yule mkulima mkubwa wa nyanya, mama mwenye kicheko cha kutikisa sahani, ambaye watu wote walimwita Mama Nyanya. Alisema watoto wa mtaa wa chini walikuwa wameogelea mtoni tangu asubuhi mpaka ngozi zimekunjamana, kwa kuwa mto ulikuwa na maji mazuri. Kobe alimwandalia kiti. Hakuwaza kitu.

Jumatatu asubuhi alipanda tuta na mkono begani. Kabla hajafika juu, alisikia mngurumo.

Alisimama. Kisha akamaliza ngazi zilizobaki mbili mbili.

Bwawa halikuwapo pale alipoliacha. Lilikuwa limerudi nyuma, dogo, limezungukwa na pete pana ya tope linalong'aa. Nguzo ya vipimo ilisimama imevuliwa nguo. Jumamosi alikuwa amesoma mstari wa kumi na tisa. Sasa maji yalikuwa kwenye mstari wa kumi, na chini ya tuta maji yaliendelea kukimbia kwenda mtoni, tangu juzi, mchana na usiku, bila mtu wa kuyauliza yanakwenda wapi.

Alichomeka mkono na kuzungusha, akahesabu huku analia, mpaka lango likakaa chini na mngurumo ukakatika. Ukimya uliofuata ulikuwa mbaya kuliko mngurumo.

Alielewa vizuri alichokifanya. Mvua za msimu zilikuwa bado karibu mwezi mmoja. Maji yale yaliwekwa kwa jasho, mstari kwa mstari, yatosheleze nyanya, mpunga na mboga mpaka mvua zije. Nusu yake ilikuwa imekwenda kuwaogesha watoto. Na jioni ile, saa kumi, mwenyekiti wa kamati ya maji angekuja na wakulima wote kusoma nguzo na kupanga zamu. Wangemkuta mlinzi wa miaka ishirini na mitatu hana maji. Kazi ya baba mkubwa ilikuwa imeisha, naye Kobe ndiye aliyeimaliza.

Alirudi nyumbani. Baba mkubwa alikuwa ananyoa ndevu, kioo kimeegemezwa kwenye plasta.

"Mistari mingapi leo, binti?"

Kobe alifungua mdomo. "Baba mkubwa..."

"Naam."

Uso wa baba mkubwa ulikuwa umejaa povu, macho yake yanamwangalia kwa furaha, kama mtu asiye na deni duniani.

"Sijasoma vizuri," Kobe akasema. "Nitarudi kuangalia."

"Usichelewe. Mwenyekiti akija nataka nimtajie kabla hajapanda tuta. Namjua yule, anapenda kunikuta sijui."

Ulikuwa uongo wa kwanza Kobe kumwambia baba mkubwa. Alikwenda kukaa nyuma ya nyumba na kufanya mazoezi ya kusema. "Nilisahau." Maneno mawili hayakutimia, ni moja tu. Alilisema mara hamsini mbele ya ndoo.

Saa sita na nusu maji ya ndoo ile yalianza kutikisika. Radi. Si ya hapa, ya kule milimani. Kobe aliinua macho akaona mbingu ya upande wa milima imekuwa nyeusi, nyeusi ya sufuria, na hapo alipo jua linawaka bado.

Baba mkubwa alikuwa ameiona kupitia dirisha. Sura yake ilikuwa imebadilika kabisa.

"Mama watoto! Nitafutieni namna ya kufika bwawani!"

"Kwa mguu upi?"

"Mwanamke, bwawa limejaa mpaka mdomoni! Mstari wa kumi na tisa! Mvua ile ikishuka hapa, maji yatapita juu, na mtaa wa chini umekwisha. Umesahau mwaka juzi?"

Hakuna aliyesahau. Mwaka juzi maji yalipita mdomo wa bwawa, ile sehemu ya tuta iliyoachwa chini kwa ajili ya kumwaga ziada, yakaingia mtaa wa chini na kuondoka na majiko kumi na moja, vitanda, kuku, na nusura yaondoke na bibi kizee mmoja aliyekutwa amekalia meza inayoelea.

Nyapara alikuja na toroli. Baba mkubwa akapakiwa, mguu umetangulizwa mbele kama bunduki, mama mkubwa anamshikia mwavuli, vijana wanasukuma. Matone makubwa yalikuwa yameanza kuanguka. Kobe alikimbia pembeni ya toroli, akijaribu kusema, lakini baba mkubwa alikuwa anapaza sauti.

"Msifungue lango hata kidogo! Mto wa chini utajaa wenyewe kwa mvua hii, tusiuongezee! Wapigieni kelele watu wa chini watoke na watoto!"

Walipofika juu ya tuta, toroli likasimama. Baba mkubwa akatazama. Akafuta maji usoni, akatazama tena. Kisha akageuza kichwa polepole, akamtazama Kobe.

Maji ya milimani yalikuwa yameingia kule juu ya bwawa, mekundu, yamebeba matawi na povu, yakitembea kama kundi la ng'ombe.

Watu wa mtaa wa chini walipanda tuta na mafurushi na watoto migongoni, kwa kuwa lilikuwa ndilo eneo la juu lililo karibu. Wakasimama mvuani wakiangalia nguzo. Hakuna kazi ya mikono iliyobaki. Kulikuwa na kuangalia tu.

Mstari wa kumi na moja ukazama. Wa kumi na mbili. Mama Nyanya alikuwa amemshika Kobe mkono bila kujua ni mkono wa nani, anaubana mpaka mifupa inalia.

"Kumi na tano," nyapara alisema, na safari hii kweli alinong'ona.

Kumi na sita. Kumi na saba. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mtu mrefu aliyezoea kuvaa koti, alikuwa amesimama bila koti, amemfunika mtoto wa watu.

Kumi na nane ulizama taratibu. Kumi na tisa ulichukua muda mrefu sana. Maji yalifika kwenye ukingo wa chini wa mstari wa ishirini, yakaugusa, yakarudi, yakaugusa tena. Mdomo wa bwawa ulikuwa kiganja kimoja tu juu yake. Kobe aliona matawi yakizunguka pale, yanagonga saruji kama wageni wanaobisha hodi.

Yakabaki pale. Mvua ilipungua, ikawa manyunyu, ikaacha. Baba mkubwa akatoa pumzi ambayo ilionekana ameishikilia tangu nyumbani.

"Hayapandi tena."

Watu walilipuka. Wengine walicheka, wengine walikaa chini kwenye tope na kulia. Yule bibi kizee wa mezani aliuliza kama anaweza sasa kurudi kuipua maharage yake. Mama Nyanya alimbusu nyapara, akamkuta ana tope, akalitema, akambusu tena.

Mwenyekiti alipiga makofi apate usikivu. "Ngojeni! Juzi bwawa hili lilikuwa kumi na tisa, mimi mwenyewe niliona nikipita. Leo mvua imelikuta kumi. Nani aliyeshusha maji?"

Macho yote yalihamia kwenye toroli. Kobe alifungua mdomo. Lakini baba mkubwa alimtazama mara moja tu, akakohoa.

"Ni mimi niliyemwagiza," alisema. "Goti. Hili lililo ndani ya plasta. Tangu Ijumaa lilikuwa linanichoma, nikajua mvua inakuja."

Mama mkubwa alimkodolea macho mumewe. Tangu Ijumaa alikuwa amelalamikia redio tu.

"Goti!" watu wakapaza. "Goti la mzee!"

"Jamani, mzee ana goti la dhahabu!"

Mwenyekiti alikuwa ametoa daftari lake la kamati, limelowa pembeni. "Jambo kama hili haliwezi kupita hivihivi," alisema. "Naandika sasa hivi, nanyi nyote ni mashahidi. Kuanzia leo, goti la mlinzi likiuma, maji yashushwe bila kusubiri kikao. Likitulia, bwawa lijazwe mpaka juu. Wanaokubali?"

Mikono ikaanza kuinuka, mingi, yenye furaha.

Kobe aliitazama. Alimtazama baba mkubwa, ambaye tabasamu lilikuwa limemgandia. Aliona kilichokuwa kinakuja, wazi kama nguzo ile: msimu ujao goti litauma kwa baridi tu, na nyanya zitakauka. Au halitauma, na mvua itakuja, na watu wa chini watalala usingizi wa kukoroma wakiamini goti. Baba mkubwa alikuwa amemkinga, na sasa alikuwa amenaswa yeye.

Chini ya mwavuli, baba mkubwa alimfinya mkono. Maana yake ilikuwa nyamaza.

"Si goti," Kobe alisema.

Hakuna aliyesikia. Alimeza mate. Shingo ilikuwa inataka kuzama, akaivuta juu kwa nguvu kama anavyoliinua lango.

"Si goti! Ni mimi. Nilisahau!"

Mikono ikabaki hewani.

"Jumamosi nilifungua kwa ajili ya usafi," akaendelea, haraka, kabla sauti haijamkimbia. "Vijana wakapanda, nikaona haya, nikakimbia. Nikaondoka na mkono bila kufunga lango. Maji yakakimbia mpaka leo asubuhi. Baba mkubwa hakujua. Asubuhi aliniuliza mistari mingapi, nikamdanganya. Mvua isingekuja, ningekuwa nimemaliza maji yenu. Msiandike goti. Msiandike hivyo, tafadhali."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko yote aliyowahi kutoa. Ilipoisha alisikia matone yakidondoka kutoka kwenye mwavuli.

Mkulima mmoja wa mpunga, mtu mkavu, ndiye aliyesema kwanza. "Unaelewa kwamba isingenyesha tungekufa njaa?"

"Naelewa," Kobe akajibu, akimwangalia usoni. "Nimeelewa tangu asubuhi."

Mkulima yule alifikiri, kisha akatikisa kichwa. "Basi. Imenyesha."

Ndipo nyapara akapiga kofi pajani. "Ngojeni kwanza! Alikimbia kwa sababu yetu? Nasi tukaenda kuoga tukijua atarudi kufunga! Kwa hiyo sisi ndio tuliookoa mtaa! Vijana, simameni mpigiwe makofi!"

Mama Nyanya alianza kucheka, kile kicheko chake cha sahani, na kikawaambukiza wote. Hata mama mkubwa alicheka huku anampiga mumewe begani. "Goti! Goti la dhahabu! Nyumbani hata kunionyesha kiberiti kilipo haliwezi!"

"Nilikuwa namsitiri mtoto," baba mkubwa akasema kwa unyonge.

"Mtoto amekusitiri wewe," mwenyekiti alimjibu. Alikata mstari mmoja mrefu daftarini. Akaitazama nguzo, kisha akaandika tena, taratibu, akisoma kwa sauti: kuanzia kesho, mto ukitulia, maji yashushwe kidogo kidogo, bwawa lisipite mstari wa kumi na tano mpaka mvua za msimu ziishe, na mbegu zipandwe kwa kufuata hesabu hiyo. Wakulima wakanung'unika kidogo, kama wakulima wanavyonung'unika, lakini walikuwa wameona kiganja kile kimoja kilichobaki, na mikono ikainuka.

"Na mlinzi?" mtu akauliza.

"Mlinzi ni yuleyule," mwenyekiti akasema. "Na msaidizi wake ni yuleyule. Mtu anayesema kosa lake mbele ya watu mia, nitampata wapi mwingine?"

Waliteremka tuta kwa makundi, toroli likilia magurudumu. Karibu na nyumbani baba mkubwa akasema bila kugeuka, "Kumbe una sauti."

"Nami sikujua," Kobe akajibu.

Jua lilitoka kidogo kabla ya kuzama. Mama mkubwa alipakua. Kobe alirudi kutoka bwawani, ambako alikuwa ameangalia nguzo kwa mara ya mwisho, akafungua mlango wa jiko na kuutundika mkono msumarini.

"Mkono umerudi?" baba mkubwa aliuliza.

"Umerudi."

Kijiko kilisimama hewani. "Na lango?"

"Liko chini," Kobe alisema. "Nimelisukuma kwa mguu. Halafu nimerudi nikalisukuma tena."

Kutoka upande wa pili wa ukuta, nyumbani kwa nyapara, ilisikika sauti. "Na mimi nimelishika! Limefungwa! Kuleni, watu wa Mungu!"

Wakala.